Siku Niliyomshonea Malkia Pazia

Mvua ya mawe mmewahi kuiona? Si hii ya Johannesburg inayobonyeza mabati ya magari halafu saa ile ile jua linatoka kama halijui lililotokea, nasema ile ya kwetu Likasi nilipokuwa mtoto, siku ya harusi ya jirani yetu mmoja, watu wamekaa chini ya turubai, wali uko mezani, kuku wako mezani, bwana harusi ndiyo kwanza anafungua mdomo awashukuru wakwe, mara turubai likajaa mawe likawashukia watu wote pamoja na padri, na bibi harusi (namkumbuka mpaka leo, mwanamke mwenye akili) akachukua sufuria ya wali, akamwaga wali, akaivaa kichwani akakimbia. Mimi nilijificha chini ya meza. Mvua ilipokwisha nikatoka na kipande cha shela yake, kimechanika, kimejaa matope, nikakaa nacho nyumbani najaribu kukishona kwa sindano ya mama, na kilipokubali kushikana nikaona raha ambayo shuleni sikuwahi kuiona hata siku moja. Shule yenyewe nilifika darasa la tatu tu, masista wakamwambia baba yangu, "Huyu mtoto Mungu amempa mikono, kichwa labda atampa baadaye." Baba hakusubiri, akanipeleka kwa fundi cherehani.

Kwa nini nawaambia haya? Ah, kwa sababu ya vitambaa kuwaangukia watu mbele za watu. Aibu ya mvua hukauka watu wakikauka. Mimi nina aibu yangu moja, ya hapa hapa Johannesburg, ambayo haijakauka, na kila nikikaa na watu wa kanisani lazima mmoja aanze, "Papa Ilunga, tupe ile ya malkia," basi afadhali niisimulie kwa mdomo wangu kuliko kuisikia kwa walioitia chumvi (kuna mwongo mmoja anasema nilimbusu malkia. Sikumbusu. Shavu langu liligusana na lake, na nitaeleza lilifikaje kule juu).

Nina chumba cha kushonea Yeoville, karibu na soko, kati ya saluni ya wasusi na mtu wa kutengeneza simu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miaka ile umeme ulikuwa unakatwa kila mara, mafundi wenye mashine za umeme wanakaa mlangoni wanapiga miayo, mimi nakanyaga tu, tka-tka-tka, kwa hiyo jina langu likapanda. Wakongo wakawa wangu, Waburundi wakawa wangu, hata Wakenya wenye kazi za benki, wakija ibada ya Kiswahili Jumapili, wakawa wananiletea suruali nizipunguze miguu. Katika hao alikuwemo binti mmoja, Nyambura, mtu wa benki kweli lakini hana majivuno, anakaa Observatory, kule mlimani juu yetu, na ananiita Papa kama Mkongo wa kuzaliwa.

Sasa kule Observatory kulikuwa na kamati. Kulikuwa na malkia mmoja wa zamani, wa watu wa milima ya kaskazini ya nchi hii (jina lake ni refu na ulimi wangu unalivunja, nimemkosea mara moja inatosha, nitamwita Malkia tu), alitawala tangu usichana mpaka meno yakamtoka, na wanasema siku zake hakuna mgeni aliyefika kwake akalala njaa. Wajukuu wa watu wake waliokuja Johannesburg kutafuta kazi walichangishana miaka na miaka, wakapewa kipande cha bustani wamwekee ukumbusho, na Nyambura, kwa kuwa ni jirani na anajua kuandika mambo, wakamfanya katibu.

Jumapili moja baada ya ibada akanishika mkono.

"Papa Ilunga, nina kazi yako. Tunataka kitambaa cha kufunika sanamu ya malkia. Kuna bibi mmoja, wanamwita Gogo, mjukuu wake mwenyewe, bado yuko hai. Siku ya sherehe atavuta kamba, watu wote wamuone malkia kwa mara ya kwanza."

"Akivuta, kitambaa kifunguke au kianguke?"

"Kifunguke, kianguke, vyovyote, bora aonekane."

"Sanamu yenyewe ni ya nini?"

"Ya shaba."

Hapa msimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokufa. Sisi watu wa Katanga tukisema sanamu tunasema ile ninyi mnayoita picha. Mtu anakwenda kupigwa sanamu, anaweka sanamu ya marehemu mama yake ukutani, ndicho Kiswahili nilichonyonya. Na sanamu ya shaba! Kwetu sebule isiyo na sanamu ya shaba haina heshima, ni bamba la shaba limepigwa nyundo kwa nyuma mpaka uso wa mtu au masikio ya tembo yametokea mbele, linang'arishwa kwa ndimu, linatundikwa juu ya kochi. Basi aliposema sanamu ya malkia ya shaba, mimi nikamwona kabisa, bamba zuri, fremu nyeusi, msumari ukutani.

"Ni kubwa?" nikauliza.

"Kubwa sana, Papa."

"Kama ile ya rais, wanayoweka ofisini?"

Akacheka. "Hiyo ni ndogo! Ebu panda Jumamosi uje upime."

Ningepanda. Kutoka kwangu mpaka kule ni mwendo wa mtu anayekwenda kununua mkate. Lakini siku ile Nyambura aliniomba mbele ya wasusi wawili na shemasi, na mtu akisifiwa mbele ya watu kichwa kinavimba, nikasema, "Binti yangu, mimi nilianza kushona mama yako hajaolewa. Kitu kama hicho sikipimi. Nakijua."

"Una hakika? Kwa sababu kwa kamati nimesimama mimi. Wao walitaka kampuni ya mahema, nikawaambia hapana, kuna mzee wetu Yeoville, mkono wake ni dhahabu. Usiniangushe, Papa."

"Nenda ukalale usingizi."

Nyumbani mke wangu, Mama Béa, alinisikiliza, akaweka kijiko chini. "Weye baba, enda upime."

"Nipime nini? Fremu ni fremu."

"Hata kaburi banapimaka."

Sikwenda. Nikachukua ile ya rais, nikaizidisha mara mbili, nikaongeza kidogo kwa heshima, nikakata mahameli ya zambarau iliyoiva kama bilingani, nikaweka bitana ya satini, nikakunja makunjo kumi na mawili yanayolingana kama meno ya mtoto wa padri (padri hana mtoto, najua, ndivyo tunavyosema), chini nikaning'iniza nyuzi za dhahabu, juu pete za shaba, na ndani nikapitisha kamba kwa ufundi wangu, ukiivuta pazia linafunguka katikati, nusu huku nusu kule, polepole, kama macho ya mtu anayeamka. Nililitundika dukani. Yeoville nzima ikapita kuliona. Msusi mmoja, jina lake Solange, akalishika akasema, "Papa, ukikufa tutakufunika na hii," nami nikaona ni sifa.

Siku ya sherehe ikafika, Jumamosi asubuhi, mijakaranda imemwaga maua barabara yote, na mimi nimevaa suti, nimeita nusu ya kanisa waje waone kazi ya mkono wangu, na begani nina fimbo ya pazia, na kwenye mfuko nina pazia lenyewe na dreli ya kutobolea ukuta niliyoazima kwa jirani wa simu. Nyambura nikamkuta kwenye geti la bustani, simu sikioni, shanga shingoni, jasho usoni.

"Papa! Mungu ni mwema. Kitambaa kiko wapi?"

"Hiki hapa. Ukuta uko wapi?"

"Ukuta gani?"

"Wa kumtundika malkia."

Akacheka mpaka akanishika bega. "Papa una utani wewe. Twende, vijana wanaondoa zile plastiki za mafundi."

Tukazunguka mti. Nikamwona.

Jamani. Mimi nimeona makanisa makubwa, nimeona migodi ambayo ukitazama chini roho inarudi nyuma, lakini sijawahi kusimama mbele ya kitu nikasikia kwamba ni mimi ninayetazamwa. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa kanisa, na chini yake jiwe, na juu ya jiwe amesimama mama mtu mzima wa shaba, blanketi begani, mkono mmoja juu ya bakora, mwingine umeinuliwa kidogo, kiganja wazi, kama anayemwambia mgeni, ingia, kaa, chakula hakijapoa. Nikavua kofia bila kujua.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si ndiyo sanamu, Papa."

"Sanamu iko wapi?"

"Hii!"

"Hii si sanamu, hii ni mtu!"

Nyambura akanitazama. Akatazama mfuko. Nikatoa pazia, nikalishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, likanifika magotini. Nyuma yangu nikamsikia Mama Béa, "Baba! Njo nini hii? Unamushonea malkia kitambaa ya kupangusa mudomo?" na wale watu wa kanisa niliowaalika mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, wakaanza kukohoa kile kikohozi cha watu wanaozuia kicheko.

"Papa," akasema Nyambura, sauti imekuwa ndogo, "hii ndiyo yote?"

Plastiki za mafundi alizokuwa amefunikwa nazo zilikuwa zimeshachanwa vipande. Na basi la wazee wa kaskazini lilikuwa linaegesha, nikaona wanamteremsha Gogo, kibibi kidogo, mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli, watu wawili wamemshika. Nyambura akaniambia haraka haraka, karibu analia, kwamba yule Gogo alikuwa mtoto wa kubebwa bibi yake alipokufa, hana kumbukumbu ya uso wake, na hakuna mahali popote duniani penye picha ya malkia yule, hata moja, fundi wa shaba aliupata uso kwa kuwatazama wajukuu na kuwasikiliza wazee, na kibibi kimeapa hakitatazama mpaka kivute kamba kwa mkono wake mwenyewe. "Ndiyo maana nilitaka fundi wa kweli," akasema. "Nimewaambia watu wote hawa kwamba wewe ni fundi wa kweli."

Hapo ningesema, binti yangu nimekosea. Maneno matatu. Badala yake mdomo wangu (mimi simo) ukasema, "Kwani unaogopa nini? Ndivyo nilivyopanga. Malkia hafunikwi mwili mzima kama maiti. Anafunikwa uso peke yake. Ni heshima ya kwetu."

"Kweli, Papa?"

"Kabisa." (Heshima hiyo haipo Katanga wala kokote, msiniulize.)

Nikaomba ngazi, nikapanda, nikafunga ile fimbo ya pazia nyuma ya kichwa cha malkia kwa waya, na kwa kamba, na kwa fundo la Likasi ambalo fundi wangu alinifundisha, fundo ambalo likikaza halifunguki mpaka ukate, nikaning'iniza pazia mbele ya uso, nikashusha kamba mpaka chini, nikashuka. Na kwa mbali, nawaapia, lilipendeza. Kama bibi harusi. Watu wa spika wakaja wakaichukua ngazi yao.

Basi ngoma, hotuba, hotuba nyingine, mwisho Gogo akaletwa mbele, macho ameyafumba kama alivyoapa. Wakamtia kamba mkononi. Akavuta.

Pazia langu likafunguka. Likafunguka vizuri, katikati, nusu huku nusu kule, polepole, kama nilivyolishona, na katikati ya mahameli pua ya malkia ikatokea, kisha macho, na yule mama aliyetawala milima akawa kama jirani wa ghorofani anayechungulia dirishani aone nani anagombana chini. Halafu mtu mmoja akasema, "Eish," na bustani nzima ikapasuka kwa kicheko.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Gogo alifumbua macho, akainua shingo, lakini mgongo ule haukumruhusu kuinua sana, na kutoka pale alipokuwa, chini kabisa, makunjo yangu kumi na mawili yalikuwa yamejikusanya pande mbili yanamziba, akaona nyuzi za dhahabu na kidevu basi. Akauliza kitu kwa lugha yake. Mkalimani akasogea kwenye kipaza sauti, na Nyambura aliyekuwa karibu yangu akanitafsiria kwa Kiswahili bila kunitazama: "Anauliza, uso uko wapi?"

Kicheko kikafa. Na mimi nikaona kwamba mambo ya jina langu ni kitu kimoja, lakini kile kibibi kimesubiri maisha yake yote na kinazuiwa na bilingani yangu. Nikakimbia. Ngazi haipo. Nikapanda jiwe, nikaweka mguu kwenye kunjo la blanketi la shaba, nikakanyaga ule mkono ulioinuliwa (samahani, Mama), nikajivuta, nikamkumbatia shingo, nikaanza kuhangaika na fundo la Likasi. Fundo likakaa kama lilivyofundishwa. Mkasi? Mkasi uko chini mfukoni, pamoja na dreli.

Na mshereheshaji wa siku ile, masikini, alitaka kuokoa siku, akaona afadhali watu washughulishwe na kitu, akasema kwenye kipaza sauti, tusimame wote kwa wimbo wa taifa.

Ninyi mnaokaa nchi hii mnajua wimbo wao, unaimbwa kwa lugha hii, ukiisha unaanza kwa lugha nyingine, ukidhani umekwisha unabadilika sauti unaanza tena. Watu wote wamesimama wima, mikono kifuani, hakuna wa kuleta ngazi, hakuna wa kusema kitu, na mimi niko juu, nimemkumbatia malkia wa watu, miguu inatafuta pa kukaa, shavu langu limelala juu ya shavu lake (ndiyo hiyo hadithi ya busu), na siwezi hata kutikisa fundo kwa sababu ni wimbo wa taifa, na mimi ni mgeni hapa, na mgeni hatikisiki wimbo wa wenyeji ukiimbwa. Mama Béa nilimwona anatazama majani chini kana kwamba amepoteza sindano.

Nifanye nini? Nikamtazama malkia. Hakuna mtu aliyemtazama kwa karibu vile isipokuwa aliyemtengeneza, na nawaambia, aibu yote ile ningeivaa tena kwa ajili ya dakika zile. Sikio lake lilikuwa limetobolewa na tundu limelegea kwa uzee. Pembeni mwa jicho kulikuwa na mikunjo midogo, ile ya mtu aliyecheka sana, si ya mtu aliyenuna. Mdomo ulikuwa unakaribia kusema. Na blanketi! Mimi nimekaa na vitambaa umri wangu wote, najua kitambaa kizito kinavyoanguka begani, kinavyosita kidogo kabla ya kushuka, na yule fundi wa shaba alikuwa amekikamata pale pale kinaposita. Kwa shaba! Mimi kwa mahameli sijawahi kupata kunjo kama lile. Nikajikuta namwambia kimya kimya, Mama, waliokupenda wamekufanyia kazi, mimi nimekuletea takataka.

Wimbo ukaisha. Mkono ukateleza. Nikashika nilichoweza kushika, ambacho ni pazia, waya ukasalimu amri, fimbo ikachomoka pamoja na fundo lake, na tukashuka wote watatu, mimi, fimbo na mahameli, pete za shaba zikipiga jiwe, kling, kling, kling, nikatua katika maua yaliyopandwa juzi, na pazia likanifunika kichwa. Sikuvunjika kitu. Udongo ulikuwa laini.

Nikiwa chini ya pazia lile, gizani, nilitega sikio. Kisha nikasikia sauti ya kibibi, nyembamba, inaita lile jina refu. Mara moja, tena mara ya pili. Mkalimani hakutafsiri kitu. Halafu akapiga vigelegele, peke yake, sauti inakatika anavuta pumzi anaendelea, na kina mama wengine wakampokea, na bustani ikajaa. Nikafunua pembe moja. Gogo alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye majani, amejilaza kidogo nyuma juu ya mikono ya wajukuu, hivyo ndivyo alivyopata njia ya kutazama juu, na alikuwa anamtazama bibi yake, machozi yanaingia masikioni, na malkia anamtazama, kiganja wazi.

Nilijitoa polepole. Nyuzi za dhahabu zimenishika kwenye kola, maua ya watu nimeyavunja yote. Hakuna aliyenitazama, nikamshukuru Mungu. Nikaacha fimbo, nikaacha mfuko na dreli ya watu (nilimlipa jirani baadaye kwa kumshonea suruali), nikawa naambaa kwenye ukuta wa miti kuelekea getini. Mama Béa akanong'ona, "Baba, simama kwanza, chakula iko." Nikaendelea.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, mtu akija hata na leso nitaipima, na akitumia neno ninalolijua nitamwuliza kwenu lina maana gani, hata kama ni neno maji. Vijana wa dukani wananicheka. Wacheke. Kiswahili ni kimoja lakini kila mtu ana chake, na mimi kusema "nakijua" nimekwisha kuacha.

Nilikuwa nimefika getini niliposikia kipaza sauti. Alikuwa Nyambura. "Samahani kidogo," akasema, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili chetu, ili nami nisikie, "Gogo anauliza, fundi yuko wapi? Anataka kumwona fundi."

Watu wakaanza kugeuka huku na huku. Sauti ya Nyambura haikuwa na hasira, labda ilikuwa na kicheko, labda machozi, kwenye spika vinafanana. Labda Gogo alitaka kunibariki. Labda alitaka kunichapa kwa bakora. Na mimi, ambaye tangu utoto neno hilo likiitwa hata soko la pili ninaitika, nilisimama pale mkono juu ya geti, nikasikia anaita tena, "Fundi?"

Nikafungua geti, nikatoka, nikashuka mlima kwa miguu mpaka Yeoville, na kule juu sijarudi tena.